Kamera Ndogo ya Kutembelea Nayo Likoni, Kisauni na Changamwe

Katika miaka ya 1990 palikuwa na wapiga picha wengi penye kivuko cha Likoni. Vibanda vyao vilikuwa duni, lakini ndani mlitundikwa pazia zilizochorwa merikebu, ndege na majumba marefu ya ghorofa. Vijana waliotoka bara kuja kutafuta kazi pwani walisimama mbele ya pazia hizo wakapigwa picha, kisha wakazipeleka kwao ili jamaa waone kwamba mambo yamewanyokea. Kazi ile ilisifika hata mwanachuoni wa Kijerumani, Bibi Heike Behrend, akaiandikia. Kisiwani nako, kati ya miaka ya 1940 na 1980, mabwana na mabibi walivaa nguo zao bora wakaenda katika studio ya N. V. Parekh, naye akawaweka katika nuru nzuri.

Siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha wake mwenyewe, na pazia lake ni njia anayopita. Hata hivyo wako vijana, hasa wale wanaofanya kazi ya mshahara huko Changamwe na Kisauni, ambao huweka akiba miezi mingi wapate kununua kamera ndogo ya kutia mfukoni. Fedha hizo ni nyingi, na mtu aweza kuzipoteza upesi kwa kununua jina badala ya chombo.

Yafaa kusema wazi tangu mwanzo: mtu ambaye picha zake zote huishia katika simu za rafiki zake hana haja ya kamera. Simu nzuri yamtosha. Kamera humfaa yule atakaye kuchapisha picha kubwa za kutundika ukutani, au kupiga picha baada ya magharibi wakati taa za vibanda zinapowashwa. Sababu yake ni kile kipande cha ndani kinachopokea nuru, ambacho wajuzi hukiita sensa. Katika simu ni kidogo mno. Katika kamera kama Sony RX100, iliyotoka kwanza mwaka 2012, sensa ina upana wa milimita 13 hivi. Katika Ricoh GR III ya mwaka 2019 na Fujifilm X100VI ya mwaka 2024 ina upana wa milimita 23 na zaidi. Nuru ni kama maji ya mvua: mwenye pipa pana hukinga mengi kuliko mwenye kikombe.

Lakini ukubwa wa sensa usimfanye mtu anunue kamera kubwa. Mwenye mtambo mzito shingoni akiingia soko la Kongowea, bei ya embe hupanda na nyuso hukunjamana. Kamera iliyo nzuri kwa njiani ni ile iwezayo kukaa mfukoni na kutoka upesi. Ricoh GR III yapata gramu 257 pamoja na betri yake, nayo ina lenzi moja tu isiyovuta mbali wala karibu, yenye upana wa milimita 28 kwa hesabu ya kamera za zamani za filamu. Wengine huiona hiyo kuwa ni kasoro. Katika vichochoro vyembamba vya soko si kasoro hata kidogo, kwani mtu hawezi kurudi nyuma hatua kumi apate kuwaingiza wote katika picha.

Tena kuna ufundi wa wazee ambao kamera hiyo huukubali. Mtu akifunga tundu la nuru mpaka namba 8, na akaiweka lenzi yake kwenye umbali wa mita mbili, basi kila kitu tangu mita moja hivi hadi mbali kitaonekana sawasawa. Kamera haina tena haja ya kutafuta wala kusitasita. Bodaboda apitaye Kengeleni amekwisha kupigwa kabla hajafika mbali. Jua la pwani lenyewe husaidia, maana tangu saa tatu hadi saa tisa mchana nuru ni ya kutosha kwa namba hiyo na kasi kubwa.

Jua hilo hilo, lakini, ndilo adui wa pili. Kioo cha nyuma cha kamera nyingi hakionekani vema wakati wa adhuhuri. Mtu hupiga kwa kubahatisha. Kwa hiyo kidirisha cha kuchungulia kwa jicho ni kitu cha maana kuliko mambo mengi yanayosifiwa katika matangazo. X100VI inacho, na RX100 za tangu toleo la tatu la mwaka 2014 zina kidogo kinachochomoza juu. GR III haina.

Jambo la nyuso zetu lataka kuelezwa zaidi. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilisawazisha rangi za picha zake kwa kadi zenye sura ya mwanamke Mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Nyuso nyeusi zikatoka kama kivuli chenye meno. Inasimuliwa kwamba katika waliolalamika sana walikuwamo watengenezaji wa samani na wa chakleti, waliotaka mbao nyeusi na chakleti nyeusi zionekane zilivyo. Malalamiko ya watu wenyewe hayakusikizwa upesi kama hayo. Kamera za sasa ni bora mno, walakini bado zina upumbavu mmoja: kila zinachokiona hudhani ni cha rangi ya kijivu. Mzee aliyevaa kanzu nyeupe akisimama juani, kamera huipunguza nuru, na uso wake hupotea. Mama aliyevaa buibui akijaza picha, kamera huzidisha nuru, na nguo nyeusi hugeuka majivu. Mpigaji lazima aongeze au apunguze mwenyewe, na kwa haraka. Kwa sababu hiyo ni bora kamera yenye gurudumu la kazi hiyo juu yake, kama X100VI au Canon G7 X Mark III ya mwaka 2019, kuliko ile inayomlazimisha mtu kufungua orodha ndani ya kioo huku mzee amekwisha kwenda zake.

Kwa picha za kujipiga mwenyewe hesabu hubadilika. Mkono wa mtu haufiki mita moja. Lenzi pana ikishikwa karibu hivyo hukuza pua na kupunguza masikio, na hapana mtu aliyewahi kuweka akiba kwa ajili ya hayo. Kioo cha G7 X Mark III hugeuka juu kikamtazama mwenyewe, na cha RX100 za tangu mwaka 2014 vivyo hivyo. Cha GR III hakigeuki kabisa. Hata hivyo njia iliyo bora ni ile ya zamani: kuiweka kamera juu ya ukuta au kiti, kutega saa yake ya sekunde kumi, na kwenda kusimama hatua tatu mbele. Hapo sura hutoka ya kweli, na mahali pia huonekana, iwe ni mnazi wa Shelly au reli ya Changamwe. Mwenye kupenda hasa picha zake mwenyewe na achague kioo kigeukacho. Mwenye kupenda njia na watu na achague kamera nyepesi yenye lenzi moja. Kamera yenye yote mawili kwa ukamilifu haijatengenezwa, na muuzaji asemaye kwamba anayo asisadikiwe.

Iko pia habari ya ruhusa, nayo si ndogo. Kupiga picha katika feri ya Likoni kumekuwa kukikatazwa kwa ajili ya usalama, na penye bandari, matangi ya mafuta na uwanja wa ndege upande wa Changamwe ni heri mtu amwulize askari kwanza kuliko kuulizwa. Hali kadhalika Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo huihesabu picha ya mtu kuwa ni mali ya habari zake. Mwaka 2023 ukumbi mmoja wa starehe wa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambao wazazi wao hawakuulizwa. Hao walikuwa wafanya biashara, lakini kijana atangazaye picha mbele ya maelfu ya watu ajipime. Pwani neno ni jepesi: “Shikamoo, mama. Naomba nikupige picha.” Akikataa, amekataa. Akikubali, aonyeshwe picha palepale. Mara nyingi hutaka ya pili baada ya kusawazisha mtandio.

Bei ya X100VI ilipotolewa ilikuwa dola 1,599 za Kimarekani, bila ushuru wala nauli, na kwa wengi hiyo ni habari ya kusoma tu. Kamera iliyokwisha kutumika hufaa, ikiwa itachunguzwa. Mnunuzi na afunge tundu la nuru mpaka mwisho wake, apige picha ya ukuta mweupe, aikuze, atazame kama kuna madoa. Madoa ni vumbi lililoingia ndani. Lenzi zinazochomoza na kurudi huvuta mchanga, basi azichomoze na kuzirudisha mara nyingi akisikiliza kama zinakwaruza. Betri aijaribu mchana kutwa, si kwa dakika tano mbele ya muuzaji.

Chumvi ndiyo iuayo kamera nyingi za pwani. Ikitoka ufukweni na ipanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi, kisha kwa kikavu. Isifungiwe katika mkoba wa ngozi wakati wa masika, bali ikae penye hewa, au katika kopo lenye vifuko vya chembe za kufyonza unyevu. Kwani ukungu humea ndani ya lenzi, nao ukiisha kumea hautoki kwa kupangusa.