Gita lenye mkono: mekaniki za dola 60 au kipande cha mbao?

Jumapili moja kanisani, mtaa wa Mulongwe hapa Uvira, kwaya ilikuwa imefika pale maneno yanapokwisha na magita yanapoachiwa nafasi: seben. Solo nilishika mimi. Uzi wa kwanza ukakatika. Hilo si ajabu, nyuzi hukatika. Ajabu ni kwamba zile tano zilizobaki zilipanda zote kwa mpigo mmoja, kila moja kwa kiasi chake, gita likawa linaimba wimbo wa kanisa jingine. Mpiga besi alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. Nikafunga sauti, nikapiga makofi pamoja na waumini mpaka wimbo ukaisha.

Kosa halikuwa la uzi, lilikuwa la daraja. Magita ninayoyaona Uvira, yawe yamevushwa kutoka Bujumbura kwa njia ya Gatumba au yamepanda boti Kigoma hadi bandari ya Kalundu, mengi ni nakala za Stratocaster, umbo ambalo Leo Fender alilitoa Marekani mwaka 1954. Daraja lake halikukazwa moja kwa moja kwenye mbao. Mbele limeegemea skrubu sita, au mbili. Nyuma, ndani ya tumbo la gita, springi tatu hadi tano zinalivuta. Nyuzi huku, springi kule, daraja katikati linaning'inia kama mzani wa sokoni. Seti ya nyuzi ya 10 hadi 46 inavuta karibu kilo 47 ikiwa imeakordiwa. Uzi wa kwanza peke yake unachukua zaidi ya kilo 7 za hizo. Ukikatika, springi zinashinda, daraja linalala nyuma, na nyuzi zilizobaki zinakazika.

Ule mkono wa chuma, ambao Fender aliuita tremolo ingawa kinachotikisika ni kimo cha sauti wala si ukubwa wake, kazi yake ni kuuyumbisha mzani huo makusudi. Sasa jiulize: wewe unautumia? Mimi sijasikia seben inayouhitaji. Kazi yote iko kwenye vidole. Mikono mingi niliyoiona huku inakaa kwenye mfuko wa begi, mingine ilishapotea na hakuna aliyeitafuta. Maana yake tunabeba usumbufu wa mashine tusiyoigusa.

Kijana mmoja wa kwaya alinijia na simu mkononi.

"Yaya, ona hizi mekaniki za kufunga uzi. Dola 60. Niziagize?"

"Gita ni la nani?"

"La kwaya."

"Basi kwanza leta penseli."

Alicheka, akadhani ni mzaha. Lakini asilimia kubwa ya ugomvi wa gita la namna hii iko kwenye kile kipande cheupe juu ya shingo, chenye mifereji sita ambamo nyuzi zinapita kuelekea kwenye mekaniki, zile funguo za kukazia nyuzi. Ukibonyeza mkono, au ukikunja uzi tu kwa kidole, uzi unateleza kidogo ndani ya mfereji. Mfereji ukiwa mwembamba au mkavu, uzi unakwama na haurudi ulikotoka. Wa tatu ndio mkorofi kuliko wote. Ukisikia "tik" unapokaza, ndiyo sauti ya kukwama. Legeza uzi, utoe kando, chora mfereji kwa penseli laini ya 2B au zaidi mpaka uwe mweusi, rudisha. Risasi ile inalainisha kama grisi, na penseli ni franka chache. Kipande kipya cha plastiki yenye kilainishi ndani kinauzwa dola 12 hadi 20 nje, na bado utahitaji fundi wa kukichonga kikae sawa. Anza na penseli.

Halafu nyuzi zenyewe. Seti nzuri, D'Addario au Ernie Ball, kwenye maduka ya mtandaoni ni kama dola 6 hadi 8, kabla hujalipia mtu wa kukuletea. Nakala zisizo na jina ni rahisi zaidi, na sizikatai. Ninachokataa ni kuchanganya. Seti ya 9 hadi 42 inavuta karibu kilo 39. Ukitoka kwenye hiyo ukaweka ya 10, umeongeza kilo 8 upande mmoja wa mzani, daraja linainuka, na hakuna mekaniki itakayokusaidia mpaka ukaze zile skrubu mbili nyuma zinazoshika springi. Wapigaji wa mi-composé walijue hili zaidi: ukitoa uzi wa nne mnene ukaweka mwembamba wa 10 uliopandishwa oktava moja, umepunguza kama kilo 2 na nusu. Wengi wanaoapa kwamba mi-composé "haikai" kwenye gita lao wana daraja linaloelea, basi.

Uzi mpya uvute kwa vidole, sentimita moja hivi kutoka kwenye shingo, uakorde, uvute tena, mara nne au tano. Usiouvuta nyumbani utajivuta wenyewe mbele ya watu. Kwenye mekaniki zungusha mara mbili au tatu tu. Wanaozungusha mara saba wanajenga springi nyingine isiyohitajika. Na kila mara panda kwenye noti kutoka chini, usishuke kutoka juu.

Kuhusu kifaa cha kuakorde: programu za simu ni za bure, na chumbani zinatosha. Kanisani ngoma zikianza, maikrofoni ya simu inasikia kila kitu isipokuwa gita lako. Kile cha kubana kwenye kichwa cha gita kinasikia mtetemo wa mbao, kelele hazikihusu. Ni dola 8 hadi 15, na vingi vinakula betri bapa ya CR2032. Hapa mimi natoa pesa bila kunung'unika, maana jua letu halina huruma: gita likitolewa kivulini na kuwekwa kwenye kampeni ya uwanjani, chuma cha nyuzi kinapata moto kabla ya mbao, na sauti inashuka hata kabla mhubiri hajasalimu.

Turudi kwa zile dola 60. Mekaniki za kufunga zinashika uzi bila mizunguko, na kubadilisha uzi kunakuwa kwa haraka. Ni kitu kizuri. Zisizo na jina zinaanzia kama dola 30, za Gotoh zinazidi hapo. Lakini hazigusi mfereji uliokwama wala daraja linaloelea, na huenda zikadai matundu mapya kichwani. Gita la kwaya hulitobolei bila kikao. Mfumo wa Floyd Rose, wa mwisho wa miaka ya 1970, unafunga nyuzi juu na chini kabisa, na kwa anayetumia mkono kwa fujo hauna mpinzani. Ni dola 100 hadi zaidi ya 200, mwili wa gita uchimbwe, na kila uzi mpya unahitaji ufunguo wa aleni wa milimita 3. Uzi ukikatika katikati ya ibada, umemaliza ibada. Kwaya isiuguse.

Njia yangu ni hii. Fungua kifuniko cha nyuma. Kama kuna nafasi na una springi mbili za ziada (dola 5 hadi 10 kwa seti), ziweke zifike tano. Kaza zile skrubu mbili mpaka bamba la daraja lilale kabisa juu ya mbao. Akorde. Sasa pima pengo kati ya bonge la chuma lililo chini ya daraja na ukuta wa shimo, upande wa mkia wa gita, ukate kipande cha mbao ngumu kinachoingia kwa kubana. Changu nilikitoa kwenye mguu wa kiti kilichovunjika, nikakisugua kwa msasa jioni moja; kilikataa mara mbili, mara ya tatu kikaingia. Usipige nyundo. Nyuzi zikianza kukwaruza kwenye shingo kwa sababu daraja limeshuka, inua vile vitandiko sita vinavyobeba nyuzi kwenye daraja, kidogo kidogo.

Kuanzia hapo uzi ukikatika, zile tano nyingine hazina habari. Na siku kwaya ikipata mpigaji anayetaka mkono, anachomoa kipande kwa bisibisi na gita linarudi lilivyokuwa.

Anayenunua gita jipya na hana haja ya mkono, atafute la daraja lisilotembea, umbo la Telecaster. Squier za namna hiyo nje zinaanzia karibu dola 200. Tatizo ni kulipata huku. Mara nyingi muuzaji atakwambia lile lenye mkono ndilo la kisasa.

Yule kijana hakuagiza mekaniki. Alikata mbao yake kwa seremala, akaambiwa alete soda. Zile pesa zilinunua seti mbili za nyuzi, kifaa cha kubana na betri ya akiba, na mkono ameufunga kwa mpira ndani ya begi, maana ni mali ya kwaya na mhasibu anauhesabu.