KABLA YA KUHAMIA MJINI: Kwanza Twende Tukatazame

Utangulizi

Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotangazwa, na kila mwaka mpunga na pamba vinapouzwa, vijana wa Nyahanga na kata jirani za Kahama hupanda basi kwenda Mwanza. Wapo wanaokwenda chuoni, wapo wanaokwenda kujifunza ufundi, na wapo wanaokwenda kutafuta kazi viwandani au kuanza biashara ndogo. Wapo pia waliokuwa wakitegemea mgodi wa Buzwagi, ambao ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuumaliza mwaka 2021, na ambao sasa wanatafuta riziki mahali pengine.

Familia nyingi hufika kwenye kamati ya parokia kuomba msaada wa safari hiyo. Swali linaloulizwa kwanza ni "zinahitajika shilingi ngapi?" Ni mara chache kuulizwa "atalala wapi, katika mtaa gani, na nani ameuona?" Hata hivyo swali hili la pili ndilo linaloamua kama fedha iliyotolewa itazaa matunda au itapotea. Kijana aliyelipa kodi ya miezi sita katika nyumba asiyoiweza hana namna ya kuirudisha fedha hiyo. Atavumilia, ataacha masomo, au atahamia kwa mtu ambaye wazazi wake hawamjui.

Makala hii inaeleza namna ya kwenda kutazama mji kabla ya kuhamia, na nafasi ya kamati zetu katika jambo hilo.

Mwanza ni mji wa namna gani?

Mwanza ilipata hadhi ya Jiji mwaka 2000. Mwaka 2012 Ilemela ikawa manispaa yake yenyewe, na Nyamagana ikabaki kuwa Halmashauri ya Jiji. Kwa sensa ya mwaka 2022, wilaya hizo mbili kwa pamoja zilikuwa na watu zaidi ya milioni moja. Anayetoka Nyahanga aelewe basi kwamba hahamii mji mmoja bali mitaa mingi isiyofanana.

Njia rahisi ya kuuelewa mji huu ni kufuata barabara zake kuu tatu zinazotoka katikati. Ya kwanza inakwenda upande wa Shinyanga, ikipita Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani hadi Buhongwa. Ya pili inakwenda upande wa Musoma, ikipita Mabatini, Nyakato na Igoma. Ya tatu inakwenda uwanja wa ndege, ikipita Kirumba, Kitangiri na Pasiansi. Daladala nyingi hufuata barabara hizo. Mtu anayekaa barabara moja na kufanya kazi barabara nyingine mara nyingi hulazimika kupanda magari mawili kwenda na mawili kurudi.

Kwa hiyo jambo la kwanza si kuuliza "chumba kizuri kiko wapi?" bali "nitakuwa wapi kila siku saa mbili asubuhi?" Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino atatazama Malimbe na Nyegezi. Anayekwenda VETA au viwandani Nyakato atatazama barabara ya Musoma. Anayekusudia biashara ya samaki na dagaa katika soko la Mwaloni atatazama Kirumba na Kitangiri.

Kodi ndogo yaweza kuwa gharama kubwa

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Chumba cha kwanza ni cha sh. 30,000 kwa mwezi, lakini kiko mbali, na mpangaji anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Nauli tuseme ni sh. 600 kwa kila gari. Kwa siku ni sh. 2,400, na kwa siku 26 za kazi ni sh. 62,400. Jumla ya kodi na nauli ni sh. 92,400.

Chumba cha pili ni cha sh. 50,000, lakini anapanda gari moja tu kwenda na moja kurudi. Nauli yake kwa mwezi ni sh. 31,200, na jumla ni sh. 81,200. Chumba kilichoonekana ghali kimekuwa nafuu kwa sh. 11,200 kila mwezi, tena kijana hafiki usiku. Hesabu hii haiwezi kufanyika ukiwa Nyahanga. Inahitaji mtu aliyepanda magari hayo mwenyewe, asubuhi wakati kila mtu anakwenda kazini.

Mlima, mwamba na maji

Anayetoka nchi tambarare ya Kahama anaweza asifikirie jambo la mlima. Mwanza imejengwa kati ya vilima vya mawe, na sehemu kubwa ya makazi ya bei nafuu, kwa mfano Igogo, Mabatini na Kitangiri, imepanda juu ya mawe hayo. Vyumba vya huko vina hewa safi na viko karibu na mjini, lakini kuna mambo matatu ya kuchunguza.

Kwanza ni maji. Ziwa linaonekana kutoka mlangoni, lakini maji ya bomba lazima yasukumwe kwenda juu. Uliza wapangaji maji yanatoka siku zipi na saa ngapi, na yasipotoka wanachota wapi na ndoo ni bei gani. Pili ni choo. Juu ya mwamba ni vigumu kuchimba shimo refu, hivyo vyoo vifupi hujaa upesi, na mvua ikinyesha majitaka huweza kuteremka kwa walio chini. Tatu ni njia. Ngazi za mawe zinazopitika mchana zinaweza kuwa hatari usiku au wakati wa mvua, hasa kwa mama mjamzito, mgonjwa au mtu mwenye ulemavu.

Walio bondeni nao wana matatizo yao, kwa sababu maji yote ya vilima huteremkia kwao. Tazama kuta za nyumba: alama ya maji au rangi iliyobabuka kwa usawa mmoja ni ushahidi kwamba mafuriko yamewahi kuingia. Mwezi Desemba 2011 mafuriko ya bonde la Msimbazi na maeneo mengine ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na mwaka 2012 baadhi ya familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Wengi walikuwa wamevutwa bondeni na unafuu wa bei na ukaribu wa mjini. Kwa hiyo, ikiwezekana, nenda kutazama wakati wa mvua. Nyumba inayopendeza mwezi Julai inaweza kuwa na sura nyingine mwezi Aprili.

Safari ya kutazama

Safari ya siku tatu inatosha. Basi la kutoka Kahama linaweza kupita Isaka, Tinde na Shinyanga, au kupita Geita na kuvuka daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lililofunguliwa Juni 2025. Njia zote mbili hukutana Usagara na kuingia mjini kupitia Buhongwa na Nyegezi. Usikubali kupangisha siku ile ile unayoshuka stendi. Aliyechoka, mwenye mizigo na asiye na pa kulala hana nguvu ya kujadiliana bei.

Usiku wa kwanza lala kwa ndugu, katika hosteli ya kanisa, au gesti. Ukifikia gesti, tazama kama mlango una kitasa kinachofunga kwa ndani, kama kuna chandarua, na kama mhudumu anaandika jina lako kwenye kitabu cha wageni. Gesti isiyoandika wageni haitakumbuka kwamba ulikuwepo. Msichana asiye na mwenyeji asitumwe peke yake. Aende na mama, shangazi au kaka.

Kwa wenye ndugu mjini, tukumbuke msemo wa wazee: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shemeji mwenye vyumba viwili na watoto wanne anaweza kumpokea kijana kwa wiki, si kwa mwaka. Ni heshima kumwuliza mapema, na kumwambia wazi mgeni atakaa hadi tarehe gani na atachangia nini.

Ukishapata mitaa miwili au mitatu inayofaa, itembelee kila mmoja asubuhi, jioni na usiku kiasi cha saa tatu. Asubuhi utaona foleni ya maji na usafiri. Jioni utaona watoto wanacheza wapi na vijana wanakaa wapi. Usiku utasikia kelele za baa na kuona kama kuna taa njiani. Kuuliza si ujinga. Mama ntilie, fundi cherehani, muuza genge na vijana wa bodaboda wanaujua mtaa kuliko dalali, na hawana cha kukuuzia zaidi ya chai.

Dalali, mwenye nyumba na mkataba

Dalali anafanya kazi halali, na kwa kawaida hulipwa kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Aidha, wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita, au hata kumi na miwili, kwa mkupuo. Kwa chumba cha sh. 40,000, miezi sita na dalali ni sh. 280,000 kabla ya kununua godoro. Bajeti inayoandikwa "kodi sh. 40,000" inamdanganya mfadhili bila kukusudia.

Hila inayowapata wageni ni hii: mtu anaonyesha chumba kisicho chake, anapokea fedha za watu kadhaa kwa chumba kimoja, kisha anazima simu. Kinga yake ni moja: usitoe fedha kabla ya kumwona mwenye nyumba mwenyewe, na kuthibitisha kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa kwamba nyumba ni yake.

Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiwango cha kodi ni mapatano ya mpangaji na mwenye nyumba. Hivyo basi mkataba wa maandishi ndio ngao ya mpangaji. Uandike majina, kodi, muda, notisi ya kuhama, nani anatengeneza kinachoharibika, na namna ya kugawana LUKU na bili ya maji. Katika nyumba yenye wapangaji wengi na mita moja, umeme ndio chanzo cha ugomvi wa kila wiki. Chukua stakabadhi kila unapolipa. Mgogoro ukitokea, usuluhishi huanzia Baraza la Kata, na usipopatikana shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bila karatasi, ni neno lako dhidi ya neno la mwenyeji.

Wanaokwenda kwa matibabu

Si kila anayehitaji malazi anahama moja kwa moja. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka Kanda ya Ziwa, wakiwemo wa Shinyanga na Geita. Matibabu ya wiki kadhaa humweka msindikizaji katika mji asioujua, mara nyingi bila maandalizi yoyote. Kamati iliyokwisha kutazama malazi ya gharama nafuu karibu na hospitali itakuwa imeokoa familia hizo fedha na hofu nyingi.

Kamati zifanye nini?

1. Ziweke nauli na malazi ya safari ya kutazama katika kila bajeti ya kumsaidia mwanafunzi au kijana. Ni fedha ndogo inayolinda fedha kubwa.
2. Zitunze daftari la mitaa: aliyewahi kukaa pale, kodi ya mwaka gani, maji, usafiri na usalama. Taarifa ihuishwe kila mwaka, maana bei hubadilika.
3. Zimpatie kijana barua ya utambulisho kwa parokia anakokwenda, na zimhimize achukue ya serikali ya mtaa. Akifika ajitambulishe kwenye jumuiya na kwa mjumbe katika wiki ya kwanza, akiwa hana shida yoyote. Anayejulikana kabla ya kuugua hapati taabu ya kueleza yeye ni nani akiwa mgonjwa.
4. Zimpigie simu baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi mitatu. Maswali yawe ya kawaida: unakula nini, unarudi saa ngapi, maji yanatoka?

Wakazi wa Nyahanga wanalijua jambo hili kwa upande wa pili pia. Wakati migodi ilipoleta wageni Kahama, wengi walijenga vyumba vya kupangisha na wakajifunza kumtambua mpangaji aliyekuja na mwenyeji wake na yule aliyeshuka basi bila kumjua mtu. Wa kwanza aliuliza maswali, akatazama choo na kisima, akaondoka kufikiri, kisha akarudi. Hivyo ndivyo tunavyotaka watoto wetu waende Mwanza.