Motokaa Ivute Hewa Gani?

Likizo iliyopita mjomba wangu alikuwa karibu kununua rejeta mpya ya motokaa yake, Toyota Celica, na fedha alizotaka kuitumia ndizo zilizokuwa karo yangu. Basi nilikuwa na sababu nzuri ya kuchungulia chini ya boneti.

Ugonjwa ulikuwa huu. Bondeni Bugarama, mita 950 hivi juu ya bahari, kuna joto kali. Kila ilipopanda kutoka huko kuja Kamembe, nyuma ya malori ya saruji, motokaa ilipungukiwa nguvu na kugonga ndani kama mtu apigaye msumari. Mjomba akasema, "Injini inachemka." Lakini mshale wa joto la maji ulikuwa umetulia katikati.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa maana yako majoto mawili. La kwanza ni la chuma na maji yake. Hilo hutunzwa na pampu, rejeta na temostati, nalo hukaa karibu na digrii 90. La pili ni la hewa ambayo injini inaivuta ili kuchoma petroli, na mshale hauonyeshi hilo.

Mjomba, kwa kupenda mngurumo wa magari ya mashindano, alikuwa ameling'oa sanduku la plastiki linalofunika chujio la hewa, akaweka chujio wazi. Mngurumo ulikuwa mtamu, sikatai. Lakini chujio lile lilikaa karibu na bomba la moshi, likavuta hewa iliyokwisha kupashwa na rejeta. Fundi alipochomeka chombo chake cha kupimia, hewa ile ilisoma digrii 58.

Hebu tufanye hesabu kwa kanuni ya Charles tuliyofundishwa darasani. Hewa ya digrii 25, tukihesabu tangu baridi ya mwisho kabisa, ni 298. Ya digrii 60 ni 333. Hewa ikipata moto hutanuka, kwa hiyo silinda ileile hupokea hewa pungufu kwa sehemu moja katika kumi hivi. Hewa ikipungua, petroli hupunguzwa, na nguvu hupungua. Tena hewa ya moto hufanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake, ndiyo kule kugonga. Mitambo ya injini ikisikia hivyo huchelewesha cheche, na nguvu hupotea mara ya pili.

Sanduku la zamani lilikuwa limekwisha kuuzwa. Tukakunja bati, tukalizungushia chujio, tukatia mpira juu ili boneti ikifungwa isiache mwanya, kisha tukapitisha bomba mpaka mbele, karibu na taa. Motokaa ilipokwenda, hewa ilisoma digrii 33. Joto la maji halikubadilika hata kidogo! Nyuma ya lori, mwendo wa kobe, bati nalo hupata moto na hesabu hupanda tena, ila njia ikifunguka hushuka upesi. Wala tusijidanganye: nguvu iliyorudi ni ileile ya kiwandani, maana sanduku la kwanza lilifanya kazi hiyohiyo.

Magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kurudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, yameonekana mara nyingi na bomba linalopanda kando ya kioo cha mbele mpaka juu. Kazi yake kubwa ni kukwepa maji na vumbi, lakini pia huvuta hewa mbali na joto la injini. Na lile tundu juu ya boneti ya Subaru Impreza yenye turbo, ambalo vijana hubishania, si la chujio. Turbo ikishindilia hewa huipasha moto, na upepo wa tundu lile hupoza kifaa ambamo hewa hiyo hupitia kabla ya kuingia katika injini.

Baadaye mjomba alikwenda Kigali kwa njia ya Nyungwe. Huko juu, karibu mita 2,500, shinikizo la hewa ni kama robo tatu tu ya lile la pwani, na sanduku haliwezi kuliongeza. Motokaa ilipanda polepole, lakini haikugonga. Rejeta ni ileile ya zamani, na karo ililipwa siku ya kufungua shule.