Tukate Jina la Dawa Vipande Vipande

Vikundi vingi vinafuga ng'ombe wa maziwa, na lalamiko moja tunalisikia kila mahali: "Tumebadilisha dawa ya kupe, mbona kupe hawafi?" Wakati mwingine kosa ni kutia maji mengi mno. Lakini hebu weka chupa mbili pamoja, ya zamani na mpya. Picha ni tofauti, jina kubwa la mbele ni tofauti. Yale maandishi madogo ya Kiingereza, yenye jina refu la kemikali, hakuna aliyeyasoma kwa sababu yanatisha.

Basi tuchukue kalamu. Andika jina hilo kwenye karatasi, ulikate kama unavyokata muwa. Alphacypermethrin inakuwa alpha, cyper, methrin. Sasa tutamke: al-fa, sai-pa, mi-thrin, na sauti ipande kwenye mi. Kiingereza si kama Kiswahili, hakisomwi vile kilivyoandikwa. Ph ni f. C ikifuatwa na y, e au i ni s, na hiyo y ya hapa ni ai. Ch katika majina haya ni k, kwa hivyo chlorfenvinphos ni klo-fen-vin-fos. Usione haya ukikwama. Hata mwenye duka pengine humung'unya tu.

Mkia wa jina ndio wenye habari. Cypermethrin, deltamethrin, flumethrin: zote zinaishia thrin, yaani ni ukoo mmoja, ulioigwa kutoka sumu ya maua ya pareto, haya haya yanayolimwa Molo na Nyandarua. Kupe aliyezoea mmoja mara nyingi hamwogopi ndugu yake. Jina linaloishia phos au fos ni ukoo mwingine, wa fosforasi. Amitraz, yaani a-mi-traz, iko kwao mbali. Kikundi kikitoka cypermethrin kwenda deltamethrin kimebadilisha chupa tu.

Na hiyo amitraz usimwogeshee punda wa kubebea maziwa. Kwa farasi na jamii yake inaweza kusimamisha matumbo, mnyama akafa.

Ukoo upi ufuate, muulizeni afisa wa mifugo. Mkienda agrovet, bebeni karatasi yenye jina la dawa ya zamani, mlinganishe mikia hapo hapo kwenye kaunta kabla mweka hazina hajatoa pesa.