Je, Wajua? Maji ya Rufiji Huwasha Taa za Unguja

Je, wajua kwamba maji yanayoteremka kuelekea Mahege, Kibiti na delta ya Rufiji yana mchango katika taa zinazowaka Unguja? Kabla ya kufika maeneo hayo, yamekwishazungusha mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Umeme huo huingia gridi ya Taifa, na Unguja huupokea kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Huko, Wizara ya Maji, Nishati na Madini ya Zanzibar husimamia ZECO, shirika la umeme, na ZAWA, mamlaka ya maji.

Wapo watakaouliza: bwawa likijaa, kisiwa kina haja gani ya kuzalisha umeme wake? Historia inajibu. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikarudi gizani. Umeme wa Bara ulikuwapo. Njia ya kuufikisha kisiwani ndiyo iliyoharibika, na pampu za maji zikasimama pamoja na taa. Waya wa megawati 100 uliozinduliwa mwaka 2013 umeongeza nguvu, lakini nao unaanzia Ras Kiromoni. Kisiwa kinaweza kujizalishia umeme wa jua. Ni kweli, jua huzama na betri ni ghali. Hata hivyo, umeme huo ukiendesha pampu za visima mchana, matangi yatajaa hata waya ukipata hitilafu. Gridi ibaki mhimili, na kisiwa kiwe na akiba yake.