WAZEE NA WATOTO WAIMBE PAMOJA: NI AFYA, TENA NI ULINZI

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii vidonge wala chanjo. Tutazungumzia jambo lisilo na gharama, ambalo kila familia inaweza kulifanya, na ambalo sisi watumishi wa hospitali tumelisahau kwa muda mrefu. Jambo lenyewe ni wazee, vijana na watoto kukaa pamoja na kuimba. Huenda mmoja wenu atasema, "Nesi, kuimba na afya wapi na wapi?" Nakuomba usome hadi mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Bibi aliyenyamaza

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiwatembelea wagonjwa katika vijiji vinavyozunguka hospitali yetu ya misheni, huku Usukuma. Katika mji mmoja aliishi bibi mjane wa miaka sabini na kitu, aliyekuwa amepatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulikuwa umelegea na usemi ulikuwa umepotea. Kila alipotaka kusema, ilitoka "ee, ee" tu, kisha machozi.

Mimi nilifanya kazi yangu kama nilivyofundishwa. Nilipima shinikizo la damu, nikahesabu vidonge, nikawaonyesha wenyeji namna ya kumgeuza na kumnyoosha mkono. Nikaandika kwenye kadi, nikaenda zangu. Kwa karibu mwaka mzima sikuona zaidi ya hapo.

Jambo ambalo sikuliona ni kwamba wajukuu hawakumkaribia. Mtoto akitumwa kumpelekea uji, aliuweka mlangoni na kukimbia. Nilipomwuliza mke wa mwanawe, alininong'oneza kwamba kule kisimani watu wanasema: bibi yule ana macho mekundu, hasemi na mtu, anashinda gizani peke yake.

Ndugu msomaji, kama umezaliwa huku kwetu, unajua maneno ya namna hiyo huishia wapi. Katika mikoa yetu wanawake wazee wamekatwa mapanga usiku kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na wengine walioneshwa vidole kwa sababu ya macho yao tu. Hebu tuseme ukweli wa hospitali: macho yale ni mekundu kwa sababu ya moshi. Mama aliyepika kwa miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha, kwa kuni na pengine kwa samadi kavu ya ng'ombe pale miti ilipokwisha, lazima macho yake yawe mekundu. Na mzee anayesahau majina, au anayezungumza peke yake, huenda ni mgonjwa wa ubongo. Anahitaji kutunzwa.

Siku alipoimba

Siku moja nilikuta akina mama wanapukuchua mahindi uani, na mmoja akaanzisha wimbo wa zamani wa kulimia. Kutoka ndani ya nyumba ikasikika sauti nyembamba ikiitikia, na si kwa "ee" bali kwa maneno kamili. Akina mama wakanyamaza kwa mshangao. Alikuwa bibi.

Wengine walitaka kusema ni muujiza, wengine wakaanza kutazamana vibaya, kana kwamba bibi alikuwa anatudanganya muda wote. Ikabidi nieleze, nami nawaelezea ninyi. Kwa watu walio wengi, uwezo wa kutunga na kutamka maneno hukaa katika upande wa kushoto wa ubongo. Kiharusi kikiharibu sehemu hiyo, usemi hupotea na upande wa kulia wa mwili hulegea. Lakini kuimba hutumia pia upande wa kulia wa ubongo, ambao kwa bibi yule ulikuwa mzima. Ndiyo maana mtu asiyeweza kuomba maji huweza kuimba wimbo alioujua tangu ujana. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, walichapisha njia ya kuwafundisha wagonjwa kama hao kusema tena, kwa kuanzia na sauti ya wimbo na kupiga mkono taratibu. Elimu hiyo ipo siku nyingi; mimi ndiye niliyekuwa sijaipeleka kwenye mji ule.

Si kiharusi peke yake. Mgonjwa wa Parkinson, ambaye miguu yake hukwama kama imegundishwa chini, mara nyingi hutembea vizuri zaidi akisikia mdundo. Mzee aliyesahau hata jina la mwanawe huweza kukumbuka wimbo wa harusi yake. Na kuimba kunamfanya mtu avute pumzi ndefu na kuitoa polepole, ambalo ni zoezi zuri la kifua kwa mtu anayeshinda ameketi.

Upweke nao ni ugonjwa

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2025 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Mwaka 2024 jopo la wataalamu katika jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau, na kueleza kwamba karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa huo kama mambo hayo yangeshughulikiwa. Miongoni mwake yamo shinikizo la damu, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, na kutengwa na watu.

Tena upweke si wa wazee peke yao. Nimewaona vijana wanaoshinda na simu mkononi katikati ya ndugu zao, na ndani yao wamo peke yao. Kijana asiye na mzee wa kuzungumza naye hukua kama mti usio na mzizi.

Tulikuwa na dawa hii nyumbani

Wasukuma hatukufundishwa na mgeni kuimba pamoja. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo chanzo chake ni mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, vimeshindana kwa vizazi vingi. Katika bugobogobo jembe lenyewe huchezwa pamoja na ngoma, kwa maana wimbo ulizaliwa shambani. Katika wigashe vijana hucheza wakiwa wameketi, kwa mabega, mikono na sauti. Na manju hakuzaliwa manju. Alikaa miguuni pa mzee akajifunza.

Wengi wenu mmefika Bujora, karibu na Kisesa, ambako Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianzisha Makumbusho ya Wasukuma na kuipa heshima ngoma yetu. Kila mwaka mwezi Juni, karibu na Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, watu humiminika kwenye sikukuu ya Bulabo kushindana ngoma. Bibi, mama na mjukuu hutazama jambo moja na kubishana nani ameshinda. Lakini Bulabo ni mara moja kwa mwaka, na mzee aliyepooza hafiki. Ndiyo maana tunahitaji kitu kidogo, cha karibu, cha mara kwa mara.

Tulivyoanza

Baada ya siku ile, tulizungumza na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, tukakubaliana kukutana kila Jumamosi saa kumi alasiri chini ya mwembe. Kila mzee asiyeweza kutembea alipewa watoto wawili wa kumfuata, kwa mkokoteni au kwa kiti kilichofungwa nyuma ya baiskeli. Sharti la kwanza lilikuwa salamu: mtoto ampe mzee mkono, na aseme "Mwadila, mayu" au "Shikamoo babu" akimtazama usoni.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Vijana walicheka nyimbo za kizamani, wazee wakanung'unika kwamba vijana hawajui kuitikia. Tukaamua kupokezana: mzee anafundisha wimbo mmoja, kijana naye anafundisha mmoja. Wigashe ulitusaidia sana, kwa sababu katika ngoma inayochezwa kwa kuketi aliyepooza na mzima wako sawa. Mvulana mmoja wa darasa la tano, mjukuu wa bibi yule, akaanza kuandika nyimbo katika daftari. Neno asilolielewa alimwuliza bibi yake, naye bibi alimjibu kwa kuimba kipande kile tena na tena, akionyesha kwa mkono wa kushoto.

Bibi hakupona kiharusi, nisiwadanganye. Mkono wa kulia umebaki vilevile. Lakini baada ya miezi kadhaa aliweza kuomba "maji", aliweza kusema "njoo", na aliweza kuyataja majina ya wajukuu watatu kati ya watano. Jina la nne alilisema kwa kuliimba.

Kisha ikaja siku ya majaribu. Mtoto wa jirani alifariki kwa malaria kali. Aliletwa hospitali amekwisha kuzimia. Jioni ya matanga maneno ya kisimani yakafufuka, na mtu mmoja akataja macho mekundu. Mimi sikuwapo, niliambiwa baadaye. Walioinuka kujibu hawakuwa viongozi wala wazee. Walikuwa vijana wa pale chini ya mwembe. Mmoja alisema, "Yule ni bibi yetu, tunamjua. Mtoto aliumwa siku nne ndipo akapelekwa hospitali." Usiku ule vijana sita walilala uani kwa bibi, na usiku uliofuata pia. Maneno yakafa.

Ndugu zangu, nimefanya kazi ya uuguzi zaidi ya miaka thelathini, na sijawahi kutoa dawa iliyofanya kazi kama ile. Watu humwogopa mzee wasiyemjua. Mzee anayejulikana na watoto wa kijiji ana walinzi.

Ushauri kwa wanaotaka kuanza

1. Kaeni nje au mahali penye hewa. Kuimba hutoa hewa nyingi ya mapafuni. Mwezi Machi 2020, katika jimbo la Washington huko Marekani, watu 61 walifanya mazoezi ya kwaya ndani ya ukumbi. 53 kati yao walihesabiwa kuwa wameugua UVIKO, na wawili wakafariki. Kifua kikuu nacho huenea kwa njia ya hewa. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe makohozi kwanza; hospitali za serikali hutibu kifua kikuu bila malipo.

2. Msitumie vipaza sauti. Mzee asiyesikia vizuri haelewi makelele makubwa, huyakimbia. Kama unalazimika kupaza sauti ili jirani wa hatua moja akusikie, muziki umezidi, na hata masikio ya mtoto yataumia.

3. Muda usizidi saa moja na nusu. Yawepo maji ya kunywa, kivuli, na viti vyenye mahali pa kuegemea. Mwenye ugonjwa wa moyo au anayevimba miguu aimbe ameketi, na apumzike akichoka.

4. Msimlazimishe mtu. Wimbo huweza kuamsha majonzi ya marehemu. Mzee akilia, mshikeni mkono, msimkimbize nyumbani.

5. Anza na nyimbo ambazo mzee alizijua akiwa na umri wa ujana: za kulima, za kutwanga, za kubembeleza mtoto, za harusi. Hizo ndizo hukaa ndani zaidi.

6. Tumieni nafasi hiyo kwa afya. Sisi hupima shinikizo la damu kabla ya kuanza. Mwulizeni kila mzee kama anasikia na kuona vizuri. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji na mzee akaona tena.

7. Wimbo hauchukui nafasi ya dawa. Vidonge vya shinikizo la damu visiachwe hata mtu akijisikia vizuri. Na mkiona uso wa mtu umepinda ghafla, mkono umelegea, au usemi umeharibika, msingojee kesho wala msizunguke kwa waganga. Mleteni hospitali saa ileile.

8. Jengeni majiko yenye bomba la kutolea moshi, au toboeni dirisha jikoni. Macho ya bibi wa kesho ni ya mama anayepika leo.

Neno la mwisho

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Lakini mzee aliyefungiwa ndani hawezi kulitengeneza neno lolote. Msomaji, unapomaliza ukurasa huu, tazama katika mji wako au kwa jirani: yuko mzee gani ambaye watoto huweka chakula mlangoni na kukimbia? Jumamosi hii mtoe nje, mweke kivulini, waite watoto, umwombe awafundishe wimbo mmoja tu. Akishindwa kusema, anzisha wewe, kisha nyamaza kidogo, umsikilize.

Daftari la yule mvulana lilijaa, akanunua la pili. Bibi bado anakuja kila Jumamosi, na siku hizi watoto hugombania nani atakayemsukuma.

Tukutane mwezi ujao katika ukurasa huu, tutakapozungumzia utunzaji wa miguu kwa wagonjwa wa kisukari.