Je, Wajua? Nyota Hizi Si Sawa

Skrubu nyingi za pikipiki za Kijapani huharibiwa na bisibisi mpya kabisa! Kichwa kinafanana na nyota ya kawaida, lakini umbo la ndani ni tofauti kidogo. Bisibisi ya nyota ya kawaida, yaani Phillips, haikai mpaka chini. Inapanda, inateleza, inakwangua chuma. Tazama vizuri: kidoti kidogo kando ya nyota huashiria kipimo cha Kijapani. Bisibisi yake ipo, nayo inastahili kununuliwa.

Nyota imeshaliwa? Tandika mpira wa kufungia noti juu ya kichwa, kandamiza sana, zungusha polepole. Mpira hujaza pengo, bisibisi ikapata pa kushika. Kwa skrubu iliyoota kutu, tanguliza mafuta ya kulainisha na subira.

Skrubu ya chuma ndani ya alumini hung'ang'ania zaidi mwambao, penye chumvi. Pasha moto: alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, tundu likalegea.

Na pedali ya kushoto ya baiskeli, nayo ikikataa kufunguka? Hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Wengi huikaza wakidhani wanaifungua.